Sarafu Zilizopungua Katika Kofia ya Bethlehemu

Katika mapambo ya kichwa yaliyovaliwa na wanawake wa Palestina zama za dola ya Uthmaniya, na katika miaka thelathini hivi ya utawala wa Waingereza iliyofuata, hapana lililotukuzwa na wenyewe kuliko shatweh, kofia ngumu ya wanawake walioolewa wa Bethlehemu na miji jirani ya Beit Jala na Beit Sahur. Ukiishika mkononi utashangazwa kwanza na uzito wake. Umbo lake ni kama la tarbushi fupi. Joho lake limetariziwa kwa hariri pande zote, na mbele, pale panapoelekea paji la uso, zimeshonewa sarafu mstari juu ya mstari, nyingi za fedha na, kwa mwenye uwezo, mstari wa dhahabu, na baina ya mistari hiyo zikapangwa safu za marijani nyekundu. Kofia hufungwa kwa mkufu wa fedha upitao chini ya kidevu, ambao wenyeji waliuita saba' arwah, yaani roho saba, na juu ya vyote hivyo hutandazwa ushungi mweupe unaoteremka mabegani hata mgongoni, hivi kwamba mwanamke wa Bethlehemu akitembea njiani alitambulikana kutoka mbali kwa urefu wa kichwa chake.

Lakini mtazamaji mwenye uangalifu, akiichungua kofia ya namna hiyo katika sanduku la kioo la makumbusho, aghalabu ataona kwamba mistari ya sarafu haikutimia. Hapa pana matundu mawili ya sindano na ncha ya uzi pasipo sarafu. Pale pana alama ya duara ambapo rangi ya joho imebaki mbichi kuliko pembeni, kwa kuwa kwa miaka mingi sarafu iliikinga na jua. Kila sarafu iliyotoka ilitoka kwa sababu: mtoto aliugua, au mvua zilikosa, au mume alichukuliwa katika jeshi la Waturuki, au, baada ya mwaka 1948, aila nzima ilikuwa chini ya hema na haina unga. Wachuuzi wa vitu vya kale hawayapendi mapengo hayo, nao huyaziba kwa sarafu nyingine yoyote wanayoipata ili kofia ionekane kamili machoni mwa mnunuzi. Ilhali mkusanyaji anayeijua kazi yake huyaacha kama alivyoyakuta. Nami yakini yangu ni kwamba kukusanya mapambo na mavazi ya kale ya Wapalestina ni kazi ya kuhifadhi ushahidi kabla ya kuwa kazi ya kuhifadhi uzuri, na kwamba kitu kilichopotewa na jina la mwenyewe na la kijiji chake kimepungukiwa sana, hata kiwe kizima namna gani.

Asili ya mapambo hayo ni mahari. Katika vijiji vya Palestina, kwa Waislamu na kwa Wakristo kadhalika, ilikuwa ada kutenga fungu la mahari likanunuliwe mapambo ya binti, na mapambo hayo yakawa milki yake mwenyewe. Mume hakuwa na haki ya kuyauza pasipo ridhaa yake, na mwanamke aliyeachwa au kufiwa aliondoka nayo. Kwa hiyo bangili, vidani na sarafu za kofia hazikuwa urembo mtupu, bali akiba iliyovaliwa mwilini, ambayo mwizi haichukui pasipo mwenyewe kujua, na ambayo siku ya dhiki huvunjwa kidogo kidogo. Mtaalamu mmoja kutoka Ufini, Bibi Hilma Granqvist, aliyeishi kwa vipindi katika kijiji cha Artas karibu na Bethlehemu kati ya mwaka 1925 na 1931, alizichunguza ndoa za kijiji hicho aila kwa aila, nani alimwoa nani na kwa mahari gani, na vitabu alivyoviandika vingali vikirejewa na kila atakaye kufahamu mapambo hayo yalipatikanaje na yalikuwa mali ya nani.

Upande wa kusini, katika milima ya Hebron, mji ambao wenyeji huuita al-Khalil, palikuwa na kofia ya arusi iliyoishinda hata ile ya Bethlehemu kwa wingi wa fedha, ikiitwa wuqayat al-darahim, iliyofunikwa sarafu toka utosini hadi ukingoni na kuninginizwa nyingine pembeni. Kofia hizo zilikuwa chache na thamani yake kubwa, hata bibi arusi wengi hawakuwa na ya kwao wenyewe, bali waliiazima au waliikodi kwa siku ya arusi, kisha ikarudishwa kwa mwenyewe ikingoja arusi nyingine. Bedui wa Negev na Sinai nao walizipanga sarafu katika barakoa iliyowafunika uso chini ya macho, safu baada ya safu. Na mikoa ya Ramallah ilikuwa na smadeh yake, yenye duara la sarafu zilizosimama kuzunguka uso.

Sarafu zenyewe zilitoka pande nyingi. Nyingi zilikuwa za Waturuki, nyembamba na nyepesi. Ilikuwapo pia ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ile ile ambayo wazee wa Unguja na wa Pwani yote waliihesabia biashara zao kwa jina la reale ya Sham. Na Palestina ilikuwa sehemu ya hiyo Sham yenyewe. Wafua fedha wa Bethlehemu, Yerusalemu, Nablus, Hebron na Nazareti, ambao miongoni mwao walikuwamo Waarmenia, waliitumia kwa njia mbili: ama waliitundika nzima katika mkufu wa kidevu, ama waliiyeyusha wakapata fedha safi ya kufulia bangili nene za kusokotwa. Mkusanyaji mgeni hudanganyika sana na sarafu hii. Huiona imeandikwa 1780, ambao ndio mwaka aliofariki malkia huyo, akadhani amepata pambo la karne ya 18. Kumbe sarafu hiyo imeendelea kupigwa kwa tarehe ile ile hadi karne ya 20, na pambo analolishika laweza kuwa halikufikia umri wa bibi yake. Tarehe ya sarafu hutuambia tu kwamba pambo halikufanywa kabla ya hapo. Lilifanywa lini baadaye, hilo litafutwe katika mkufu, katika namna pete zake zilivyounganishwa kwa mkono, katika mchakao wa ndoano, na zaidi ya yote katika maneno ya yule aliyelivaa.

Baada ya Vita vya Kwanza mambo yalibadilika. Dhahabu iliingia vijijini, na binti walioolewa katika miaka ya 1920 na 1930 walianza kuiona fedha kuwa ni pambo la mama zao. Bangili za fedha zikapelekwa kwa sonara zikapimwa kwa mizani, zikalipiwa kwa uzito, zikaingia katika tanuri. Ndiyo sababu fedha ya kale ya Palestina ni adimu kuliko nguo zake, ingawa kwa tabia ya vitu ingepasa kuwa kinyume cha hivyo, kwani nondo na jua haviwezi fedha.

Na sasa tuzitazame nguo. Vazi la msingi ni thob, kanzu pana ya mwanamke, iliyoshonwa kwa vipande vilivyonyooka ili kitambaa chochote kisipotee, na kutariziwa mahali maalumu: kipande cha kifua, kiitwacho qabbeh, pande mbili za ubavuni, mikono, na kipande cha chini mgongoni, kiitwacho shinyar. Mshono uliotamalaki ni wa msalaba, ambao mtarizi huuhesabu kwa nyuzi za kitambaa pasipo kuchora chochote kwanza. Nakshi zina majina yake, na majina yanatokana na maisha ya shamba na ya nyumba: mvinje, mtende, mwezi, manyoya, hema la pasha, na ile pembe tatu ambayo ni hirizi, itiwayo karibu na kifua au kwenye pindo, mahali ambapo husuda ilidhaniwa kupenya. Kitani cheupe cha Ramallah kwa wakati wa hari, cheusi kwa wakati wa baridi, na juu yake hariri nyekundu ya rangi ya mvinyo. Nyekundu inayoelekea udongo kwa Hebron. Urujuani kwa pande za Gaza. Galilaya, upande wa kaskazini, ilikuwa na desturi nyingine ya makoti yaliyofunguka mbele, suruali pana, na viraka vya hariri vilivyoshonewa kwa ustadi.

Husemwa mara nyingi kwamba mtu aliyezijua nguo hizi aliweza kusimama sokoni akataja kijiji cha kila mwanamke aliyepita. Maneno hayo yana kweli, lakini yasichukuliwe kwa pupa, kwa maana wanawake waliolewa mbali na kwao, walinunua, waliigana, na walipenda kilicho kipya kama watu wote. Mfano mzuri ni wa Maneh Hazbun, mtarizi wa Bethlehemu, ambaye ndugu yake alinunua mashamba ya machungwa huko Beit Dajan, karibu na Jaffa. Naye alipohamia huko aliwachukulia wanawake wa kijiji kile sanaa ya kwao Bethlehemu, na nguo za Beit Dajan zikaanza kubeba mikunjo ya uzi wa kulazwa isiyokuwapo hapo kabla.

Sanaa hiyo ya Bethlehemu yafaa itazamwe kwa karibu, maana haifanani na mshono wa msalaba hata kidogo. Mtarizi huchukua kamba nyembamba ya hariri, au ya zari ya fedha na dhahabu, huilaza juu ya kitambaa, huipinda ikafanya maua, majani na duara ndani ya duara, na kila hatua ndogo huishika kwa mshono wa uzi mwembamba usioonekana; kisha nafasi zilizozungushwa na kamba huzijaza hariri ya rangi ya machungwa, kijani, zambarau na waridi. Kazi hii ilifaa kwa vazi la arusi lililoitwa malak, la kifalme, ambalo kitambaa chake ni cha mistari ya hariri yenye rangi kali, na kwa taqsireh, kizibao kifupi cha mahameli au joho chenye mikono inayoishia kiwikoni, ili ile mikono mirefu ya thob itokeze chini yake. Ukiukaribia mkono wa taqsireh moja nzuri utaona kwamba kamba ya zari haikukatwa popote: imeingia begani, imezunguka ua la kwanza, imepita ua la pili na la tatu, na kurudi ilikoanzia, na yule aliyeilaza alikuwa na hesabu yote ya safari hiyo kichwani mwake kabla ya kuushika uzi. Vipande vya kifua vya kazi hiyo viliuzwa peke yake, na wanawake wa vijiji vingine walivinunua wakavishona katika nguo zao wenyewe, na kwa njia hiyo watarizi wa Bethlehemu na Beit Jala walijipatia riziki kwa sindano.

Vitambaa vilitoka Dameski na kwingineko katika Sham, lakini sehemu kubwa ilifumwa nchini kwenyewe, na mji uliosifika kwa ufumaji ni al-Majdal, kaskazini ya Gaza kando ya bahari, ambako mwanzoni mwa karne ya 20 palihesabiwa vitanda vya mfumi vipatavyo 500. Vitambaa vyake vilikuwa na majina yaliyojulikana kila kijiji cha kusini: jinneh u nar, Pepo na Moto, chenye mistari ya kijani na nyekundu kwenye nguo ya samawati nzito, na abu mitayn, Baba wa Mia Mbili. Vita vya 1948 na kuhamishwa kwa wakazi waliosalia mwaka 1950 vilimaliza ufumaji katika mji ule. Wafumi walifika Gaza kama wakimbizi, wakatengeneza vitanda vipya wakaendelea kama walivyoweza.

Rangi nazo zilisema habari za mwenye nguo. Kwa Bedui wa kusini, binti na mjane walitarizi kwa buluu, na aliyeolewa kwa nyekundu. Mjane aliyeposwa tena aliingiza nyekundu kidogo kidogo juu ya buluu yake, na watu wakaelewa pasipo kuambiwa. Palikuwa pia na wanawake waliofiwa ambao waliitumbukiza nguo nzima, pamoja na nakshi zake, katika chungu cha nili. Nguo ya namna hiyo, kwa mtu asiyejua, ni nguo iliyoharibika. Nyekundu ya hariri imekuwa kama damu iliyokauka, na pale nili ilipofifia kwa kufuliwa, rangi za zamani zaanza kurudi chini yake. Mchuuzi huitupa upande wa vitu rahisi. Kwangu mimi ni miongoni mwa nguo azizi kuliko zote, kwani ndani yake zimo arusi na msiba vya mtu mmoja.

Katika miaka ya 1930 ulifika uzi wa pamba wa kampuni ya DMC ya Ufaransa, pamoja na vitabu vya michoro ya maua, ndege na matawi ya Kizungu. Uzi huo ulikuwa rahisi kuliko hariri na rangi yake haikuchuja, na wasichana waliupokea kwa furaha. Wako wakusanyaji wanaozidharau nguo za miaka ile na kuzitaka tu zile za hariri na nakshi za pembe. Nami naona wanakosea, maana msichana wa Ramallah aliyetarizi ndege wawili wanaoelekeana juu ya kifua chake mwaka 1936 alikuwa akifanya lile ambalo bibi yake alilifanya kwa mvinje: alichukua kilicho mbele ya macho yake, akakifanya chake.

Kisha ukaja mwaka 1948, ambao Wapalestina huuita Nakba, yaani msiba mkuu. Watu zaidi ya 700,000 waliondoka makwao, na vijiji zaidi ya 400 vikabaki vitupu, vingi vikabomolewa. Beit Dajan ni kimoja chao. Wanawake walitoka na walichokivaa, au na kile walichoweza kukifunga katika bahasha ya nguo, na si ajabu kwamba wengi walichukua nguo ya arusi, kwa kuwa ndicho kitu cha thamani kilichokuwa chepesi kubeba. Makambini ndiko vitu hivyo vilikotoka mikononi mwao. Sarafu za kofia zilikwenda kwanza, bangili zikafuata, na mwisho nguo zenyewe, zilizonunuliwa kwa bei ndogo na wachuuzi, ambao baadhi yao walizikata vipande vya kifua wakavifanya foronya za mito na mikoba ya watalii, na kilichobaki cha nguo kikatupwa. Hakuna linalonisikitisha katika habari hizi zote kuliko foronya hizo, kwa sababu waliozikata hawakuwa na chuki na mtu; waliona tu kwamba mraba wa nakshi wauzika upesi kuliko vazi zima.

Katika hali hiyo ndimo walimozuka wakusanyaji ambao majina yao yapaswa kujulikana. Wa mbele yao ni Bibi Widad Kawar, aliyezaliwa Tulkarm mwaka 1931 na kulelewa Bethlehemu, kisha akafanya maskani Amman. Kwa zaidi ya nusu karne alikwenda makambini na vijijini, akanunua nguo na mapambo ambayo kama si yeye yangekatwa au kuyeyushwa. Na, jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, alikaa na wenyewe, akawauliza nguo ilishonwa na nani, ilivaliwa lini, bibi arusi aliitwa nani na kijiji chake ki wapi. Mwaka 1987 hazina yake ilionyeshwa katika mji wa Cologne, Ujerumani, na leo inakaa Amman katika nyumba iitwayo Tiraz, yenye mavazi zaidi ya 2,000 ya Palestina, Jordan na nchi nyingine za Kiarabu, pamoja na vidani na bangili zake. Katika Uingereza, Bibi Shelagh Weir wa British Museum aliyakuta makabatini mavazi mengi yaliyoletwa zamani na wamisionari, mazuri lakini yasiyo na maelezo ya kutosha, akaenda kuwatafuta wenye elimu yake miongoni mwa wakimbizi wenyewe. Kutokana na wanawake wa Beit Dajan aliokutana nao alipata kuandika, katika kitabu chake cha mwaka 1989, habari za arusi ya kijiji kisichokuwapo tena: sanduku la nguo za bibi arusi, mpango wa kila vazi kwa siku yake, na ile siku baada ya arusi alipotoka na wenzake kwenda kisimani amevaa vazi lake bora, watu wote wamwone.

Huko Yerusalemu, Bibi Hind al-Husseini, aliyewachukua yatima wa mauaji ya kijiji cha Deir Yassin mwaka 1948 akaanzisha nyumba ya malezi ya Dar al-Tifl, aliweka pia mkusanyo wa mavazi ya kale. Na al-Bireh, Bibi Samiha Khalil, mwanzilishi wa jumuiya ya In'ash al-Usra mwaka 1965, alijenga makumbusho ya mila hapo hapo ambapo wanawake walikuwa wakitarizi kwa ujira. Mpango huo una hekima kubwa, maana mtarizi aliyekuwa kazini aliweza kwenda chumba cha pili akaitazama nguo ya zamani, akarudi na hesabu ya nyuzi zake.

Kwa msomaji ambaye huenda akapata kitu cha namna hii, ama kwa mirathi ama kwa kununua, yako mambo machache yanayofaa kujulikana. Nguo na ipinduliwe ndani kabla ya kusifiwa nje, kwa sababu upande wa ndani huonyesha rangi ya kwanza ambayo jua halikuigusa, na huonyesha kama mishono ni ya mkono au ya cherehani. Hariri ya kale ina mng'ao unaohama kadiri uigeuzavyo kwenye nuru. Pamba ya DMC hung'aa sawasawa na msokoto wake waonekana kwa jicho. Ukikuta kipande cha kifua ni kikuukuu kuliko nguo iliyokibeba, usikimbilie kusema kuna hila, kwani wanawake wenyewe walikuwa na desturi ya kukitoa kipande kizuri katika nguo iliyochakaa na kukishona katika mpya. Hila iko pengine: katika kofia ambayo sarafu zake zote zina uzi mmoja mpya, na katika kidani kinachong'aa kwa madini meupe yasiyo fedha. Usiifue nguo ya hariri kwa maji hata kidogo, maana nyekundu yake huchuja na kukichafua kitani. Usiitundike, kwa kuwa uzito wa nakshi huchana mabega. Ilaze katika karatasi safi mahali penye giza na pakavu. Fedha isisuguliwe ikawa kama mpya, kwani weusi ulioingia katika mikato ya mfua fedha ndio unaoidhihirisha kazi yake. Na kabla ya yote hayo, kama aliyekupa bado yu hai, chukua kalamu umwulize.

Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliandikisha utarizi wa Palestina katika orodha ya urithi wa wanadamu usioshikika kwa mkono, pamoja na maarifa na desturi zake. Heshima hiyo ilistahiki, lakini haikuweza kukinga kitu chochote kilichomo kabatini. Katika vita vilivyoanza Oktoba 2023, makumbusho madogo ya Rafah na ya al-Qarara karibu na Khan Yunis, yaliyokuwa yamekusanya vitu vya watu wa pande zile, yaliangamizwa, na nyumba ngapi za Gaza zilianguka juu ya sanduku la bibi, hakuna daftari litakalotueleza. Nguo za Gaza na vitambaa vya al-Majdal vilivyo Amman, London na Birzeit vimekuwa kwa sababu hiyo ndivyo vya kurejewa na watu wa Gaza wenyewe.

Habari za daktari Tawfik Canaan zaonyesha kitu chaweza kuokoka namna gani. Alizaliwa Beit Jala mwaka 1882, akasomea utabibu Beirut, akawatibu watu wa Yerusalemu na vijiji vyake kwa miaka mingi. Na alipoona wagonjwa wake wamevaa hirizi, hakuwacheka wala hakuwakemea, bali aliwauliza, akawaomba wampe au wamwuzie, na kila moja akaiandikia inavaliwa kwa maradhi gani na imetoka wapi. Alipata shanga za buluu za kukinga jicho la husuda, shanga nyeupe za kumwongezea maziwa mama anyonyeshaye, akiki, vipande vya shabu, mikono ya fedha, vikopo vya mviringo vya kuwekea maandishi. Mwaka 1948 nyumba yake ya Yerusalemu ilipotea pamoja na maktaba yake na miswada yake. Lakini hirizi alikuwa amekwisha kuzitoa mapema akaziweka amana mahali pa salama. Daktari alifariki mwaka 1964. Mwaka 1995 jamaa zake walizikabidhi kwa Chuo Kikuu cha Birzeit, zaidi ya elfu moja kwa idadi, na mwanafunzi wa chuo hicho anaweza leo kuifungua droo akasoma, kando ya shanga moja nyeupe, ni ya nini na ilitoka katika kijiji gani.